Pambizo

Chupa ilikuwa nyeupe, ya plastiki, yenye mfuniko mwekundu. Ndani yake, kwenye fomalini, kulikuwa na kipande cha Senje wangu, si kikubwa kuliko kidole gumba kuanzia kucha hadi kiungo. Nesi alibandika utepe wenye jina na tarehe, akanikabidhi, akaniambia niipeleke maabara ya binafsi mjini kwa sababu yao ilikuwa haifanyi kazi hiyo mwezi huo. "Mkipata majibu mlete." Nusu saa kabla ya hapo daktari alikuwa ametoka, barakoa ikining'inia shingoni, akatuambia yale maneno ambayo ukoo mzima ulikuwa umekaa kwenye benchi ukiyasubiri: tumetoa yote.

Senje ni dada mdogo wa baba. Ana ualbino. Anauza nyanya na vitunguu katika soko la Luanda, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, tangu kabla sijazaliwa, na kofia anayovaa inakinga uso vizuri lakini haifiki nyuma ya sikio. Kidonda kilianzia huko. Kwanza kilikuwa kama gamba, analikwaruza linarudi. Baadaye kikaanza kuacha damu kwenye mto. Kuna mzee mmoja wa dawa alimpa mafuta meusi ya kupaka. Yalimchoma kama kaa la moto, ngozi ikakauka ikadondoka, na kwa miezi kadhaa tukadhani mambo yameisha. Mzee huyo nitamrudia, maana historia ina utani wake.

Sasa aibu yangu. Familia ilinitumia elfu nne kwa M-Pesa za kulipa maabara. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, Historia na Kiswahili, karo ikanishinda, na nilikuwa nakaa chumba kimoja Manyatta, Kisumu, nikiandika chochote kinacholipa. Siku ile nilifika nikakuta kufuli ya pili mlangoni. Mwenye nyumba hakuwa na maneno mengi. Elfu nne zikaenda kwake, na chupa ikaenda chini ya kitanda, kando ya viatu. Nilijiambia ni wiki moja tu. Halafu nikajiambia: si daktari amesema wametoa yote? Maabara inataka kuangalia nini tena?

Chupa ilikaa pale wiki sita.

Kilichoitoa ni kazi. Walio kwenye biashara hii wanaijua: unakodi akaunti ya mtu, unangoja usiku Marekani ikiamka, unaandikia mwanafunzi wa watu insha ambayo atapewa alama kwa jina lake. Nimeandika kuhusu sheria za mikopo ya nyumba Florida wakati mimi mwenyewe nimefungiwa nyumba. Usiku huo kazi iliyoingia ilikuwa ya mwanafunzi wa uuguzi: kurasa nane, historia ya upasuaji wa saratani za ngozi na jinsi madaktari wanavyojua kwamba wameiondoa yote. Maagizo yalisema pia pambizo iwe inchi moja kila upande.

Nilicheka kidogo, peke yangu, kwa sababu Waingereza hutumia neno moja kwa vitu hivyo viwili, na Kiswahili chetu kinaweza vilevile bila taabu. Shuleni pambizo ni ile nafasi nyeupe pembeni mwa ukurasa. Mwalimu anapiga rula, anakwambia usiivuke. Kwa daktari mpasuaji pambizo ni ile nyama inayoonekana nzima ambayo anaikata kuuzunguka uvimbe. Kama nyama hiyo ni nzima kweli, uvimbe umetoka. Kama kuna seli zilizovuka mstari, haujatoka, hata kama macho hayaoni kitu. Nilifika hapo kwenye usomaji wangu, saa nane usiku, nikainama nikaangalia chini ya kitanda.

Lakini insha ilikuwa na muda wake, kwa hiyo nikaendelea kusoma.

Mwaka 1827 daktari mmoja wa Dublin, Arthur Jacob, alieleza aina ya kidonda kinachokula kope na uso polepole, miaka na miaka, bila kusafiri kwenda kwingine mwilini. Kwa muda mrefu kiliitwa kwa jina lake. Leo tunajua kwamba alichokiona ni saratani inayoanza kwenye seli za tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu, ile ambayo kwa Wazungu ndiyo ya kawaida kuliko saratani nyingine yoyote. Ndugu yake ni ile ya seli bapa, ambayo ina haraka zaidi na inaweza kuhamia kwenye matezi. Percivall Pott alikuwa ameshaiona London mwaka 1775 kwa wasafisha mabomba ya moshi, kwenye ngozi ya korodani, masizi yakiwa ndiyo chanzo. Kwa watu wenye ualbino hapa Afrika, ripoti nyingi zinaonyesha kwamba hii ya seli bapa ndiyo inayotangulia.

Zote mbili zina tabia moja inayowasumbua wapasuaji, na mtu yeyote aliyewahi kulima ataielewa. Ni sangari. Juu ya udongo unaona kichaka kidogo, unakizungushia jembe, unang'oa, shamba linaonekana safi. Chini, mizizi ilikuwa imeshatambaa upande mmoja futi nzima na upande mwingine haijaenda popote. Ukikata duara kubwa sana unapoteza shamba. Ukikata dogo, mvua ikinyesha utaiona tena. Na uso si shamba la ekari kumi. Kuna jicho pale, kuna pua, kuna mshipa wa neva unaoinua nyusi.

Jibu la zamani lilikuwa kukisia na kukata mbali. Mfano wa wazi zaidi unatoka kwa ile saratani nyingine ya ngozi, melanoma, ambayo ni adimu zaidi na ni katili zaidi. Mwaka 1907, London, William Sampson Handley alichunguza mwili wa mgonjwa mmoja aliyekufa kwa melanoma, akaona jinsi ilivyosambaa, akashauri ikatwe mbali. Mikononi mwa waliomfuata ushauri huo ukawa desturi ya sentimita 5 kila upande, na desturi hiyo ikaishi zaidi ya nusu karne. Mwili mmoja! Mpaka 1988 ndipo matokeo ya majaribio ya Shirika la Afya Duniani yalipoonyesha kwamba kwa melanoma nyembamba sentimita 1 ilitosha kama 3. Fikiria watu wote waliotembea na mashimo kwenye miguu yao katikati ya tarehe hizo mbili.

Basi tuje kwa kijana wa Wisconsin.

Frederic Mohs alizaliwa 1910 katika mji mdogo wa Burlington. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa bado mwanafunzi Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikuwa msaidizi wa profesa wa zoolojia, Michael Guyer. Kazi yake ilikuwa kudunga uvimbe wa panya kwa kemikali mbalimbali ili kuona seli nyeupe za damu zitafanya nini. Moja ya kemikali hizo ilikuwa kloridi ya zinki. Iliua nyama. Hilo halikuwa la ajabu, kemikali nyingi zinaua nyama. Ajabu ni kwamba alipoiweka nyama ile chini ya hadubini, seli zilikuwa zimekaa mahali pake, zimepangika, zinasomeka, kama vile mtu amezikata na kuzitia kwenye fomalini. Zilikuwa zimehifadhiwa zikiwa bado mwilini.

Msaidizi mwingine angeandika "nyama imekufa" akaenda kula. Mohs alifikiri hivi: kama naweza kuihifadhi nyama kabla ya kuikata, basi naweza kukata tabaka jembamba, kuliangalia, na kurudi kukata pale tu ambapo bado kuna saratani. Nisikisie.

Alianza kutibu watu mwaka 1936. Dawa ilikuwa lahamu nzito ya kloridi ya zinki, iliyochanganywa na madini ya antimoni na unga wa mmea mmoja wa misitu ya Amerika ambao mzizi wake hutoa utomvu mwekundu kama damu. Anapaka kwenye uvimbe, anafunga bandeji, mgonjwa analala nayo hadi kesho yake. Kwa maelezo yote ilikuwa inauma vibaya. Kesho yake tabaka lile linakatwa bila damu na bila ganzi kwa kuwa limeshakufa. Kisha inakuja sehemu ambayo ndiyo uvumbuzi wenyewe, na niliisoma mara tatu.

Mohs alichora ramani. Alichora jeraha kwenye karatasi, akaligawa tabaka vipande, akavipa namba, akapaka kingo zake rangi, hii nyekundu, hii buluu, ili kila ukingo kwenye kioo cha hadubini uwe na mahali pake usoni mwa mgonjwa. Halafu alikigeuza kila kipande na kukikata kutoka upande wa chini, kwa ulalo, hivi kwamba sakafu yote ya kipande na ukingo wake wote vilionekana kwenye uso mmoja. Ukitaka kuelewa, menya chungwa, chukua kipande cha ganda kilichopinda kama bakuli, kibonyeze mezani mpaka kilale bapa. Sasa ukingo na sakafu viko usawa mmoja. Akiona saratani kwenye namba 3, karibu na rangi ya buluu, anarudi kwa mgonjwa, anapaka lahamu pale tu. Kesho tena. Na kesho kutwa, mpaka ramani iwe tupu.

Linganisha na kinachofanywa maabara nyingi za dunia, hata leo. Kipande kinakatwa kama mkate, silesi wima, na vipande vichache vyembamba ajabu vinachukuliwa kuangaliwa. Katikati ya silesi na silesi kuna mkate mwingi ambao hakuna aliyeuona. Wanaofanya hesabu wanasema kwa njia hiyo unaona chini ya asilimia 1 ya pambizo yote. Maneno "pambizo ziko wazi" yakitoka hapo yana maana kwamba ziko wazi pale tulipotazama. Si uongo. Kwa uvimbe wa duara, mdogo, usio na mizizi mirefu, mara nyingi inatosha kabisa. Ila ni sentensi fupi kuliko inavyosikika.

Mwaka 1941 Mohs alichapisha ripoti ya wagonjwa 440 kwenye jarida la wapasuaji. Wenzake hawakumkimbilia, na hapa ndipo namrudia yule mzee wa dawa wa kwetu. Lahamu za kuunguza saratani zilikuwa na sifa mbaya, na kwa haki. Katika miaka ya 1850 Mmarekani mmoja, Jesse Weldon Fell, alikuwa amezitumia kwenye hospitali ya Middlesex, London: kloridi ya zinki na unga wa mzizi uleule. Enzi za Mohs mwenyewe, kule Texas, Harry Hoxsey, ambaye hakuwa daktari, alitajirika kwa kuuza tiba za saratani, mojawapo ikiwa lahamu ya viungo karibu hivyohivyo. Kwa hiyo daktari wa kawaida akisikia kuna mtu Wisconsin anapaka watu zinki na mizizi, anajua la kufikiria.

Viungo vilikuwa vilevile. Fell alipaka, Hoxsey alipaka, mzee wetu alipaka. Kidonda kikidondoka kila mmoja alisema kimetoka. Mohs peke yake ndiye aliyekiokota kilichodondoka, akakigeuza, akatazama chini yake. Mzee wetu alikosa hadubini, lakini daktari wa Senje, aliyesema "tumetoa yote" na vifaa bado vina joto, yeye naye alikuwa bado hajatazama. Na aliyepaswa kupeleka cha kutazamwa alikuwa mimi.

Lahamu yenyewe haikudumu. Mwaka 1953 Mohs alikuwa anapigwa filamu akiondoa saratani ya kope, na ili kamera zisisubiri siku hadi siku, tabaka za baadaye alizikata zikiwa mbichi, kwa ganzi, bila zinki. Ikafanya kazi. Njia ya kugandisha nyama mbichi na kuisoma kwa dakika chache ilikuwapo tangu 1905, Louis Wilson wa Mayo Clinic alipoichapisha. Hata hivyo ilichukua hadi miaka ya 1970 kwa madaktari wa ngozi wa California, Theodore Tromovitch na Samuel Stegman, kuonyesha kwamba nyama mbichi inatoa matokeo mazuri bila maumivu ya zinki, na hapo kazi ya siku nne ikawa kazi ya mchana mmoja. Wapasuaji wa kawaida waliiacha ipite. Madaktari wa ngozi wakaichukua. Mohs alikufa 2002, ana miaka 92, jina lake likiwa limeshakuwa jina la njia yenyewe.

Sitaki nimfanye mtume. Njia yake ni ghali, inataka mtu mmoja aliyefunzwa awe mpasuaji na msomaji wa hadubini papo hapo, na si kila kidonda kinaihitaji. Uholanzi walifanya jambo la haki: waligawa wagonjwa wa saratani ya uso kwa bahati nasibu, wengine wakakatwa kwa njia ya Mohs, wengine kwa upasuaji wa kawaida, wakawafuata miaka kumi. Kwa uvimbe wa mara ya kwanza, ulirudi kwa asilimia 4.4 upande wa Mohs na 12.2 upande wa kawaida. Kwa uvimbe uliokuwa umewahi kurudi, 3.9 dhidi ya 13.5. Kwa hiyo hata upasuaji wa kawaida uliwaponya wengi. Maana yake ni kwamba kati ya watu nane waliokatwa kwa njia ya kawaida, saba walikuwa salama.

Isitoshe, ramani za Mohs zimewasaidia hata wasiotumia njia yake. Mwaka 1987 Wolf na Zitelli waliichukua kama rula: walichora mstari wa milimita 2 kuuzunguka uvimbe, wakaangalia ukingo, wakaongeza milimita, wakaangalia tena. Wakapata kwamba kwa ile saratani ya tabaka la chini, ikiwa haijafika sentimita 2, pambizo ya milimita 4 inaitoa yote kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Miaka mitano baadaye Brodland na Zitelli wakapima ile ya seli bapa: milimita 4 kwa walio wengi, na 6 kwa uvimbe mkubwa au ulio sehemu za hatari. Nilisoma orodha ya sehemu hizo. Ngozi ya kichwa, kope, pua, midomo, sikio.

Nikaweka kompyuta pembeni.

Historia hii mpaka hapa ni ya ngozi nyeupe za kaskazini, na ndivyo insha ya yule mwanafunzi ilivyotaka iwe. Lakini mwaka 1985 madaktari wa Ocean Road, Dar es Salaam, ile hospitali ya Wajerumani inayotazama bahari, walichapisha ripoti juu ya watu 350 wenye ualbino waliowaandikisha kliniki. Katika hao, hakuna hata mmoja aliyepita miaka 20 ambaye ngozi yake haikuwa na saratani au dalili za kuelekea huko. Hakuna hata mmoja. Senje alikuwa binti mdogo wakati huo, anatumwa mtoni mchana kama wengine. Kenya iliwahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 2019, ikapata 9,729. Sasa kuna losheni ya kukinga jua inayotolewa na serikali kupitia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, na kule Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, wanatengeneza losheni yao wenyewe, Kilisun, kwa ajili ya ngozi hizo hasa. Hiyo ni kazi ya maana sana. Kwa Senje ilikuja jua likiwa limeshamkalia miaka thelathini na kitu.

Niliimaliza insha saa kumi na moja alfajiri. Ililipa Ijumaa. Jumamosi niliipeleka chupa.

Mtu wa mapokezi pale maabara alisoma utepe, akasoma tarehe, akaniangalia. Hakusema kitu, akaandika risiti. Fomalini haiozeshi, nyama ilikuwa salama, ni binadamu tu ndiye aliyekuwa amesubirishwa. Majibu yalitoka baada ya siku kumi, karatasi moja, nusu yake Kilatini, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaandika kurasa nane niliweza kuisoma mwenyewe nikiwa nimesimama nje, kwenye kivuli cha kioski. Saratani ya seli bapa. Pambizo ya chini, wazi. Pambizo ya pembeni, imeguswa. Halafu mstari mmoja ambao ulinikalisha chini kwenye kreti ya soda: upande hauwezi kutambuliwa, kipande hakikuwekwa alama.

Hakuna aliyefunga uzi. Hiyo ndiyo ramani ya maskini, uzi mmoja kwenye ncha moja ya kipande, na maelezo kwamba uzi uko upande wa juu. Gharama yake ni uzi. Bila huo, mtu wa hadubini anaona kwamba kuna saratani ukingoni lakini hawezi kukwambia kama ni ukingo unaotazama sikio au ule unaotazama shingo. Kipande kimekuwa ukurasa usio na juu wala chini.

Nilimpelekea Senje karatasi sokoni. Alikuwa akipanga nyanya tatu tatu. Nikamweleza kwamba kuna kidogo kimebaki, na kwamba hawajui ni upande gani, kwa hiyo watakata tena pande zote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa, baba," akasema, maana huniita hivyo, nimepewa jina la babake, "huyo daktari alisema ametoa yote alikuwa ameona wapi?"

Sijawahi kusikia historia ya karne nzima ikiulizwa vizuri zaidi.

Upasuaji wa pili ulifanyiwa hospitali nyingine, kwa mchango mwingine, na daktari mwingine, mwanamke kijana aliyevumilia maswali yangu. Nilimwuliza kama atafunga uzi. Akaniuliza nasomea nini. Nikasema nilisomea Historia. Akacheka, akasema mbili atafunga, mfupi na mrefu. Alituchorea kwenye kipande cha karatasi: mfupi upande wa juu, saa kumi na mbili kwa saa ya Kizungu, mrefu upande wa sikio. Senje akakitazama kile kijisaa, akamsahihisha kwamba hapo ni saa sita. Na ndivyo daktari alivyotuandikia kwenye karatasi yetu ya kubaki nayo: uzi mfupi, saa sita.

Alifanya pia jambo ambalo lilinikumbusha zile siku za bandeji za Wisconsin. Hakuziba. Alikata, akafunika jeraha kwa bandeji safi, akasema hatapandikiza ngozi mpaka karatasi irudi, kwa sababu ukishaziba juu ya mzizi umeuficha wewe mwenyewe. Safari hii chupa haikuingia kwangu hata kwa chai. Niliipakata kwenye matatu mpaka Kisumu, kondakta akiniuliza kama ni asali.

Siku tisa. Pambizo zote wazi, iliyo karibu zaidi milimita 5, upande wa shingo. Wakachukua ngozi pajani, wakaipandikiza nyuma ya sikio, ikashika. Ina rangi tofauti kidogo, kama kiraka cha kitambaa kilekile kilichofuliwa mara nyingi. Huu ni mwaka wa tatu. Kila miezi mitatu anakwenda kupapaswa shingo, matezi yakaguliwe, na kila mara huwa kuna kigamba kingine kipya mkononi au kwenye paji la uso kinachogandishwa au kukatwa kikiwa bado kidogo. Kofia ameshonewa nyingine, yenye kitambaa cha kushuka mabegani. Anasema inamfanya aonekane kama mfuga nyuki.

Ya wiki sita nilimwambia Krismasi iliyopita, tukichambua maharagwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu. Aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe moja pembeni, akatupa la pili.

"Kwa hiyo ile elfu nne ya maabara ulilipia nyumba."

"Ndiyo, Senje."

"Halafu ya maabara ukatoa yako baadaye."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Iliyolipia nyumba utarudisha."

Nimerudisha elfu mbili na mia tano. Iliyobaki anaidai kila Jumapili, kwa simu, kabla ya salamu.